Hongera, Watafiti Waliovaa Sare za Shule

Tangu 2012, Young Scientists Tanzania imekuwa ikiwapa wanafunzi wa sekondari ukumbi wa kuonesha tafiti walizofanya wenyewe. Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry waliianzisha 2011, wakifuata mfano wa maonesho ya Ireland yaliyoanza 1965.

Mimi huvutiwa zaidi na mada za mazingira, kwa kuwa mtoto hazifuati mbali. Aliyekulia kandokando ya Mlima Meru hahitaji kitabu kimwambie kwamba maji ya kwao yana floraidi nyingi. Anaiona kwenye meno ya kahawia ya wenzake darasani. Akisikia kwamba mkaa wa mifupa ya ng'ombe huinasa floraidi hiyo, swali la utafiti tayari analo: kilo moja ya mkaa itachuja ndoo ngapi kabla ya kuchoka?

Kisha, siku ya maonesho, anafika jaji mbele ya bango. Shikamoo kwanza, halafu maswali. Maji mliyachota wapi? Mlipima mara ngapi? Hapo aliyekariri hujulikana mara moja. Aliyeshinda na chujio lake wiki nzima hata kipimo kilichomgomea hukieleza kwa raha, na kwangu huyo ndiye mshindi, kombe apate asipate.

Pongezi nyingine ziwaendee walimu walezi. Shule nyingi maabara zake ni za kuunga-unga, nao hubaki na watoto baada ya vipindi, wakipima maji kwa chupa za soda zilizokatwa shingo.