Vitabu vya Mtoto Asiyelala Usiku

Wahenga walinena kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Naamini aliyeutoa usemi huu alikuwa na mtoto asiyelala usiku. Tangu wakati wake mambo mengi yamebadilika, lakini kilio cha saa nane za usiku ni kile kile, na swali la mzazi ni lile lile: nimbebe, nimnyonyeshe, au nimwache alie mpaka achoke?

Katika insha hii nakusudia kuhakiki vitabu vitatu vya Kimarekani vilivyojaribu kulijibu swali hilo, kisha niviweke kando ya fasihi yetu wenyewe, yaani methali na nyimbo bembelezi. Sifanyi hivyo kwa kupenda mabishano ya vitabu. Mafundisho ya vitabu hivyo yamo leo katika simu za vijana wetu, mara nyingi pasipo jina la mwandishi, na mama wa miaka ishirini na miwili aliyechoka anaweza kuyapokea kama amri. Hapana budi ajue amri hiyo imetoka wapi, na ilitungwa kwa ajili ya nani.

Kabla ya kuhukumu vitabu, tulitazame jambo lenyewe. Mtoto mchanga hulala saa 14 hadi 17 katika siku moja, lakini hulala vipande vipande, kwa kuwa mwili wake bado haujajua usiku ni upi na mchana ni upi. Utambuzi huo huanza kujengeka kati ya mwezi wa pili na wa nne. Tumbo lake ni dogo, maziwa ya mama humeng'enywa upesi, na kwa kawaida hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Homoni inayotengeneza maziwa nayo huwa nyingi zaidi usiku. Kilio huongezeka katika wiki za kwanza, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Kwa hiyo mtoto wa mwezi mmoja anayekesha si mkaidi, wala mama yake si mvivu wa kulea.

Kitabu cha kwanza ni The Care and Feeding of Children cha daktari Luther Emmett Holt, kilichotolewa New York mwaka 1894. Kimeandikwa kwa maswali na majibu kama katekisimu, na sisi tuliopitia ualimu tunaujua utamu na hatari ya mtindo huo. Utamu wake ni kwamba msomaji hapotei njia. Hatari yake ni kwamba muulizaji na mjibu swali ni mtu mmoja, hivyo mama hapati mahali pa kutia swali lake mwenyewe. Holt alifundisha kwamba kulia ni mazoezi ya mtoto, na kwamba anayelia kwa mazoea tu aachwe mpaka anyamaze. Haki yake tumpe: aliandika wakati watoto wengi wa mijini Marekani walikufa kwa kuharisha kwa sababu ya maziwa machafu, na utaratibu aliouhimiza ulikuwa na maana kubwa. Kosa lake ni kudhani kwamba utaratibu unaofaa kwa chupa ya maziwa unafaa vile vile kwa machozi.

Kitabu cha pili kiliandikwa na Benjamin Spock mwaka 1946, nacho kiliuzwa kwa mamilioni duniani kote. Maktaba ya chuo cha ualimu nilikosomea ilikuwa na nakala moja iliyochakaa, na wakufunzi walikitaja kwa heshima. Lugha yake ni nyepesi na ya upole, na hapo anamshinda Holt mbali sana. Spock alitaka wazazi wawe na imani na akili zao wenyewe. Hata hivyo, alipofika kwa mtoto aliyezoea kubebwa usiku, aliwashauri wamwage kwa upole, watoke chumbani na wasirudi; akakadiria kwamba usiku wa kwanza mtoto angelia kiasi cha nusu saa, wa pili pungufu ya hapo, na wa tatu angelala. Msomaji makini ataona mgongano. Mama aliyeambiwa aamini akili yake anaambiwa, akili hiyo inapomtuma arudi kwa mtoto, asiitii.

Tena liko jambo zito zaidi. Kuanzia matoleo ya miaka ya 1950, Spock alishauri mtoto alazwe kifudifudi, akihofu kwamba akilala chali atapaliwa na matapishi. Madaktari wengi wa wakati huo walifikiri hivyo hivyo. Baadaye ikathibitika kwamba kulala kifudifudi huongeza vifo vya ghafla vya watoto wachanga. Marekani ilianzisha kampeni ya kuwalaza chali mwaka 1994, na vifo vya aina hiyo vikapungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Silisemi hili ili kumdhihaki marehemu. Nalisema ili mzazi ajue kwamba kitabu kizuri, cha mtu mwema na msomi, kinaweza kukosea katika jambo la uhai, na kwamba nakala kuukuu isisomwe kama msahafu.

Kitabu cha tatu ni Solve Your Child's Sleep Problems cha Richard Ferber, daktari wa hospitali ya watoto ya Boston, kilichotoka mwaka 1985. Kwa hoja, hiki ndicho bora kati ya vitatu. Ferber anaeleza kwamba kila mtu huzinduka mara kadhaa usiku. Mtoto aliyezoea kusinzia akiwa anabembelezwa, akizinduka, huyatafuta mazingira yale yale, asipoyapata hulia. Ni maelezo safi, hayana lawama ndani yake. Dawa yake ni kumlaza mtoto akiwa bado macho, kisha kwenda kumtuliza baada ya dakika chache, halafu baada ya dakika zaidi, na kuendelea kurefusha muda huo. Hakukusudia watoto wa wiki chache, jambo ambalo wanaonakili maneno yake hulisahau. Aidha, toleo la kwanza lilisisitiza mno mtoto alale peke yake. Toleo la mwaka 2006 lililegeza kamba. Mwandishi anayekubali kusahihisha kazi yake baada ya miaka ishirini na mmoja anastahili heshima.

Sasa niseme upungufu ninaouona katika vyote vitatu. Nyumba iliyomo ndani ya vitabu hivi ina chumba cha mtoto, mlango wa kufunga na ukuta mnene. Mpeleke Ferber kwenye chumba kimoja cha kupanga, Manzese au Mbagala, ambako wapangaji sita wanatumia korido moja. Dakika kumi na tano za kilio si za mama peke yake. Ni za kondakta wa daladala anayeamka saa kumi alfajiri, na za mgonjwa aliye chumba cha pili. Mtoto yuko chini ya chandarua kimoja na mama kwa sababu malaria haingoji kitabu kimalizike. Zaidi ya hayo, vitabu hivi vinaufanya usiku kuwa shauri kati ya mzazi na mtoto tu. Bibi, shangazi, dada na jirani hawana sehemu.

Ndipo tugeukie fasihi yetu. Tuna methali mbili zinazovutana. Moja husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na nyingine husema mkono mmoja haulei mwana. Ya kwanza ingempendeza Holt, maana huweka mzigo wote juu ya malezi, na mara nyingi hutumiwa kumlaumu mama. Ya pili huuliza swali ambalo vitabu vile havikuliuliza: mkono wa pili uko wapi?

Nyimbo bembelezi nazo zina siri yake. Zisikilize vizuri, utaona kwamba mtoto husemwa kidogo. Anayesemwa zaidi ni mama mwenyewe: upweke wake, mume aliye safarini, taabu za siku iliyopita. Mtoto wa miezi mitatu haelewi neno hata moja. Yeye hupata mahadhi, joto la kifua na mwendo wa kuyumba. Maneno ni ya mwimbaji. Ubeti hurudiwa rudiwa kwa kuwa aliyechoka hana nguvu ya kutunga mwingine. Kwa maoni yangu hii ni kazi ya sanaa iliyokamilika, kwani inawatuliza watu wawili kwa pumzi moja, na mtu mzima anaruhusiwa kusema kwamba amechoka. Sikuona ruhusa hiyo kwa Holt.

Lakini uhakiki wa haki haupendelei cha nyumbani. Baadhi ya nyimbo zetu humtisha mtoto kwa zimwi na fisi. Nyimbo hazimwambii mama kwamba joto la mwili likipanda ni hatari. Wala mkono wa pili haukuwa wa hiari siku zote. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilimwita ofisini msichana wa darasa la sita aliyesinzia kila asubuhi.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba. Mbona unalala darasani, mwanangu?”

“Usiku nambeba mtoto wa dada, mwalimu. Dada anaamka saa tisa kukanda maandazi.”

Msichana yule alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Tulizungumza na dada yake na shangazi wakagawana usiku, lakini nimewaza mara nyingi juu ya wale wasioitwa ofisini. Leo mkono wa pili katika nyumba nyingi za mjini ni wa binti wa kazi aliyetolewa kijijini, ambaye huamka kwanza na kulala mwisho, na usiku hupewa mtoto ampakate. Tukiisifu methali bila kuuliza mkono ni wa nani, tunasifu usingizi wetu ulionunuliwa kwa usingizi wa mtoto wa mwenzetu.

Basi, mama mwenye mtoto wa namna hii asome nini? Holt asomwe kama historia. Spock asomwe kwa upole wake, lakini si kwa ushauri wa zamani wa namna ya kumlaza mtoto. Ferber asomwe mtoto akishapita miezi sita, na hapo achukue kinachowezekana katika nyumba yake. Katika miezi ya mwanzo yatosha kumnyonyesha usiku kwenye mwanga hafifu bila maongezi wala michezo, na kumtoa kwenye mwanga asubuhi. Alazwe chali, mbali na mito na matandiko mazito. Asilazwe kitanda kimoja na mtu aliyekunywa pombe au anayevuta sigara. Akiwa na homa, akikataa kunyonya, akipumua kwa shida au akipata degedege, apelekwe kituo cha afya usiku ule ule. Hapo si suala la malezi tena. Na mzazi akihisi hasira inampanda, amweke mtoto mahali salama, atoke nje avute pumzi. Kumtikisa mtoto mchanga, hata kwa sekunde chache, kunaweza kuumiza ubongo wake au kumuua.

Kwa upande wa akina baba, nyimbo zetu zimewaacha safarini kwa muda mrefu mno. Baba hawezi kunyonyesha, lakini anaweza kumcheulisha mtoto, kumbadili nepi na kumtembeza uani mama akapata saa mbili za usingizi mfululizo. Babu naye anaweza. Mikono ya mzee haina haraka, na usingizi wake ni mfupi hata hivyo. Anayesoma ukurasa huu, kama nyumbani mwake yumo mtoto wa namna hiyo, na aulize jioni ya leo, kabla taa hazijazimwa, zamu ya usiku huu ni ya nani.