Volkano ya Darasani na Doa la Manjano

Unaikumbuka ile volkano ya darasani? Bekingi soda, siki juu yake, povu linamwagika mezani na darasa zima linapiga kelele. Juzi nilikaa nyuma ya darasa moja hapa Michenzani nikaiona tena. Watoto walifurahi kweli. Lakini povu lilipotulia, ubaoni ikaandikwa ile kanuni ya siku zote: badiliko la kifizikia hurudi, la kikemikali halirudi. Wakanakili. Kipindi kikaisha.

Simlaumu mwalimu, maana kanuni hiyohiyo na mimi imenipa alama skuli. Tatizo ni kwamba si kweli, na volkano haikumpa mtoto hata mmoja sababu ya kuitilia shaka.

Anza na jikoni. Kuna nazi. Hakuna kitu kipya kilichozaliwa, chicha ni nazi ileile. Basi hebu irudishe kwenye kifuu! Badiliko la kifizikia, na halirudi ng'o.

Sasa chukua kitambaa cheupe, kipake manjano yaliyokorogwa na maji, kiache kikauke. Kisugulie sabuni ya kipande iliyolowa: doa linageuka jekundu. Hapo simama, uwaulize watoto: nikikamulia ndimu, itakuwaje? Kila mmoja aandike jibu lake kwanza. Kisha kamua. Unjano unarudi! Molekyuli za rangi ya manjano zilipoteza hidrojeni kwa sababu ya sabuni, na ndimu ikazirudishia. Hilo ni badiliko la kikemikali, na limerudi mbele ya macho yao.

Ukitaka ushahidi mkubwa zaidi, toka Michenzani kwa miguu, pita Darajani, uingie Mji Mkongwe. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa yenyewe ni mawe ya aina hiyohiyo, yaliyochomwa kwenye tanuu kwa joto la nyuzi 900 hivi mpaka yakatoa kaboni dioksidi. Ikishachanganywa na maji na kupakwa ukutani, polepole huivuta gesi hiyo kutoka hewani na kuwa tena kalsiamu kaboneti, yaani kemikali ileile ya jiwe la mwanzo. Ukuta mzima unaipinga kanuni ya ubaoni.

Kwa hiyo volkano itupwe? Hapana. Ila swali la "linarudi au halirudi?" tulibadilishe liwe "kuna kitu kipya kilichozaliwa hapa?" Kwenye volkano kipo: gesi ambayo haikuwemo kwenye siki wala kwenye unga kama gesi. Waulize ilitoka wapi kabla hujafuta meza.

Mtoto aliyebashiri vibaya kuhusu ndimu anarudi nyumbani na swali, na pengine na kipande cha sabuni mkononi. Aliyenakili kanuni anarudi na daftari tu.