Ukubwa wa Sayari Dirishani: Hesabu ya Mtunzi wa Hadithi

Picha ya Dunia ambayo wengi wetu tunayo kichwani ilipigwa tarehe 7 Desemba 1972 na wanaanga wa Apollo 17, Eugene Cernan, Ronald Evans na Harrison Schmitt, saa chache baada ya kuondoka kuelekea Mwezini. Jua lilikuwa nyuma yao, kwa hiyo duara zima liliangazwa: Bara Arabu juu, Afrika katikati, Madagaska kando, barafu ya Antaktika chini. Tangu hapo watunzi wengi wa bunilizi ya kisayansi huipachika picha hiyo kwenye dirisha la chombo chochote, hata kinachozunguka kilomita 400 tu juu ya ardhi. Hadithi inaharibikia hapo, tena bure, maana hesabu yenyewe ni ya mstari mmoja.

Tunachotafuta ni pembe: jicho likitoka ukingo wa kushoto wa sayari hadi ukingo wa kulia, limegeuka nyuzi ngapi? Chora duara, weka nukta ya jicho nje yake, vuta mstari kutoka jichoni uguse ukingo. Vuta mwingine kutoka kitovu cha sayari hadi pale ulipogusa. Mistari hiyo hukutana kwa pembe ya nyuzi 90, na jambo hilo ndilo linaloamua yote: saini ya nusu ya pembe yetu ni nusukipenyo cha sayari kugawanya kwa umbali wa jicho kutoka kitovuni. Kutoka kitovuni, si kutoka ardhini. Na ni saini, si tanjenti.

Tuijaribu kwa Apollo 17. Picha ilipigwa kutoka kilomita 29,000 hivi. Ongeza nusukipenyo cha Dunia, 6,371, unapata 35,371. Gawanya 6,371 kwa namba hiyo: 0.18. Kiulize kikokotozi ni pembe gani yenye saini hiyo: kinatoa nyuzi 10.4, na mara mbili yake ni karibu 21. Sasa nyoosha mkono mbele na utanue vidole. Shubiri yako, toka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, inaziba takriban nyuzi 20. Dunia yote, machoni mwa watu wale watatu, ilikuwa shubiri moja. Ile 0.18 ina kazi nyingine pia: itoe katika 1, gawanya kwa 2, unapata 0.41. Waliona asilimia 41 ya uso wa Dunia. Nusu kamili haionekani kutoka umbali wowote, unaikaribia tu.

Shuka hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400. Gawanya 6,371 kwa 6,771, tafuta pembe yenye saini hiyo, utapata nyuzi 70, na mara mbili yake ni 140. Hakuna mpira wa buluu hapo. Kuna sakafu kubwa iliyojaa upande wote wa chini, na upeo wake uliojipinda uko nyuzi 20 chini ya usawa wa macho. Kinachoonekana ni asilimia 3 tu ya uso wa Dunia. Kituo kikipita juu ya Dar es Salaam, Addis Ababa na Antananarivo zimo ndani ya upeo huo, Johannesburg haimo. Mtunzi aliyetumia tanjenti na umbali wa kutoka kitovuni angepata nyuzi 86.5, na aliyetumia tanjenti na kimo cha kutoka ardhini angepata 173. Kutoka Mwezini njia zote tatu hutoa jibu karibu lilelile, na ndiyo maana kosa hili hudumu bila kugunduliwa.

Picha nazo zina mtego wake, nao ni lenzi. Tarehe 24 Desemba 1968 Bill Anders wa Apollo 8 aliipiga Dunia ikichomoza juu ya ukingo wa Mwezi kwa lenzi ya milimita 250. Kwa macho, Dunia ilikuwa na nyuzi 2 hivi. Mwenzake Jim Lovell alisimulia baadaye kwamba aliweza kuifunika kwa kidole gumba. Kwenye filamu ilipata upana wa milimita 8 hivi. Kwa lenzi ya milimita 80, ile iliyotumiwa kwenye picha ya 1972, isingefika milimita 3. Anayekadiria ukubwa kwa kutazama picha anapima lenzi ya mpigaji.

Mimi napendelea kuanza na mandhari kisha kutafuta kimo. Ukitaka sayari ya nyuzi 60, shubiri tatu, simama kwenye kimo kilicho sawa na nusukipenyo chake: kwa Mirihi, kilomita 3,390. Kutoka Phobos, mwezi ulio kilomita 9,376 kutoka kitovu cha Mirihi, sayari hiyo ina nyuzi 42. Kutoka Io, mwezi wa Mshtarii, sayari hiyo ina nyuzi 19.5, ingawa iko mbali zaidi kuliko Mwezi wetu ulivyo mbali nasi. Tena Io huielekezea Mshtarii upande uleule daima, kwa hiyo Mshtarii haichomozi wala haitui. Imesimama palepale angani. Mhusika aliyezaliwa upande wa pili hataiona maisha yake yote asipofunga safari. Hapo pana riwaya nzima, na namsihi mtunzi mmojawapo aiandike kwa Kiswahili, namba zake zikiwa sahihi.