Ufundi wa Kuwasomea Wengine

Kumsomea mtu mzima asiyejua kusoma ni ufundi, na Tanzania iliwahi kuwa nao kwa wingi. Ulilelewa katika madarasa ya ngumbaro na vikundi vya redio, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba watu wazima wapatao theluthi mbili hawakujua kusoma wala kuandika. Kungoja wote wajue herufi kwanza, ndipo waelimishwe, kungekula umri wao.

Ufundi huo ulidhihirika hasa mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12, watu wapatao milioni 2 walikutana vikundi vikundi. Walisikiliza kipindi cha redio, kisha mmoja wao akafungua kijitabu na kusoma sura ya juma lile kwa sauti: malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu. Wakajadili, wakaamua la kufanya, wakashika majembe kuchimba vyoo.

Kati ya redio na jembe ndipo ilipokuwa nafasi ya msomaji, na kazi yake ilizidi kutamka maneno. Msomaji hodari aliipitia sura mapema, akajua sentensi ipi ingewapita wenzake. Alisoma polepole, lakini si kwa sauti ya kuwafanya wazee wajione watoto. Akifika kwenye jina la ugonjwa, alilitaja pia kwa lugha ya pale kijijini, kwa maana mama aliyemuuguza mwanawe kichocho alikuwa akiijua ile damu ya kwenye mkojo kabla ya kijitabu kuchapwa. Alinyamaza palipostahili swali. Swali likija, aliurudia mstari, ili jibu litoke kitabuni mbele ya wote, lisitoke kinywani mwake kama amri. Hivyo hata asiyejua herufi moja alijifunza jambo kubwa kuliko yote katika kusoma, yaani kulihoji andiko, na ni shida kupata mtaala uliolifundisha vizuri zaidi.

Aliyezoea kusikia kitabu kikisomwa alitamani kukishika mwenyewe, na kisomo kikasonga mbele. Mwaka 1986 wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa chini ya asilimia 10. Hicho ndicho kilichokuwa kilele. Uchumi ulikuwa umekwisha kuyumba, fedha za vitabu na posho za walimu zikapungua, vikundi vikasambaratika. Sensa ya 2012 ilikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya watano hajui kusoma.

Siku hizi kusoma kumefungiwa ndani ya mtihani. Mtoto husoma kimya, peke yake, akitafuta maksi, na bibi yake aliye chumba cha pili hasomewi hata maelezo ya dawa anazomeza kila siku. Maandishi yamejaa kwenye simu, nayo husambazwa kabla hayajasomwa hadi mwisho. Usomaji wa pamoja umesalia zaidi kwenye jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki na darsa za misikitini, ambako mmoja bado husoma na wengine wakatafakari. Nje ya ibada, ni nadra kumpata mtu aliyeandaliwa kuwasomea majirani zake habari za maji, mbegu au ardhi yao, kisha akakaa nao mpaka waamue la kufanya.