Mstari na Methali: Juu ya Matumizi ya Biblia Katika Mambo ya Nyumbani Huko Uriri

Utangulizi

Uriri ni sehemu ya Kusini mwa Nyanza iliyoko kwenye barabara itokayo Rongo kwenda mjini Migori. Wenyeji wake wengi ni Wajaluo wa Kanyamkago, nao wanaishi pamoja na majirani Waluhya. Ukristo uliingia pande hizi mapema: misheni ya Waadventista wa Sabato ilianzishwa Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Agano Jipya la Kijaluo lilitoka mwaka 1926, na Biblia nzima mwaka 1953. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1952, ilitoka Biblia ya Kiswahili ijulikanayo kama Union Version, iliyokusudiwa kuwaunganisha wasomaji wa tafsiri za Mombasa na za Unguja. Hivyo basi, msikilizaji wa Uriri hulipokea Neno kwa lugha mbili, na mara nyingi katika ibada moja: mhubiri hunena kwa Kiswahili, na mkalimani aliye kando yake hufasiri kwa Kijaluo.

Makala haya hayakusudii kuihukumu imani ya mtu. Yanachunguza jinsi mistari ya Biblia inavyotumiwa kuamua mambo ya mume na mke, mzazi na mtoto, na mjane na shemeji zake. Hoja yake ni kwamba mstari ukishang'olewa mahali pake hugeuka methali, na kwamba tafsiri ya Kiswahili yenyewe imechangia sana mgeuko huo.

Mstari kuwa methali

Wajaluo huita methali *ngero*, na neno hilo hilo hutumika kwa mifano aliyoitoa Yesu. Undugu huu wa majina una maana. Katika baraza la wazee, ngero hutolewa ili kukata shauri: ni fupi, imepokewa kwa waliotangulia, na mwenye kuinena hadaiwi ushahidi mwingine. Mstari wa Biblia nao siku hizi hutenda kazi ile ile katika kikao cha jamaa.

Lakini iko tofauti moja kubwa. Methali ina mpinzani wake. Mswahili anayeambiwa kwamba haraka haraka haina baraka anaweza kujibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na baraza likaendelea kupima. Mstari hauruhusiwi kujibiwa. Aliyeutaja kwanza ameshinda, na anayetaka kuuliza huonekana anabishana na Mungu, wala si na jirani yake. Kwa hiyo mstari umerithi ufupi wa methali bila kurithi uhuru wa mjadala ulioandamana nayo.

Utiifu

Mfano ulio wazi kuliko yote ni sura ya 5 ya Waraka kwa Waefeso, isomwayo karibu katika kila arusi. Mstari wa 22, unaowaagiza wake kuwatii waume zao, husomwa kana kwamba ndio mwanzo wa fundisho. Katika Kiyunani, sentensi inaanzia mstari wa 21, ambao unawaambia waumini wote wanyenyekeane. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya nakala za kale kabisa mstari wa 22 hauna kitenzi chake wenyewe. Umekiazima kile cha mstari uliotangulia.

Tafsiri ya mwaka 1952 imekata kamba hii. Katika mstari wa 21 imetumia *kunyenyekeana*, na katika wa 22 *kutii*. Msikilizaji hana njia ya kujua kwamba anaambiwa jambo lile lile. Kisha, katika sura ya 6, watoto wanaagizwa *kutii*, na watumwa vivyo hivyo. Kiyunani kimetenga vitenzi viwili hapa, *hupotasso* kwa mke na *hupakouo* kwa mtoto na mtumwa. Kiswahili kimewaweka wote watatu katika kitenzi kimoja. Si ajabu, basi, mume akidhani kwamba mkewe amepangwa safu moja na watoto wake.

Neno *bwana* limezidisha utata huo. Katika Kiswahili, Mungu ni Bwana, mwenye watumwa ni bwana, na mume naye huitwa bwana. Mke anapoagizwa atii kama anavyomtii Bwana, herufi kubwa ya kitabuni haisikiki masikioni. Kijaluo hakina taabu hii, kwa kuwa *Ruoth* ni mmoja na *chuor* ni mwingine. Mkutano wa Uriri unaosikiliza kwa Kiswahili umepokea mkanganyo ambao lugha yake ya mama ingeuepusha.

Haisemwi hapa kwamba Paulo alihubiri usawa wa aina ya kifungu cha 45 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Mstari wa 23 humwita mume kichwa, na hakuna ufasiri wa kweli utakaoufuta. Kinachosemwa ni kwamba, baada ya mistari mitatu inayowaelekea wake, yapo maagizo marefu zaidi kwa waume, kuanzia mstari wa 25, yakiwadai upendo wa kujitoa hata kufa. Mhubiri aishiaye mstari wa 24 amelisoma deni la mmoja na kulificha la mwenzake.

Fimbo

Mithali 13:24, juu ya mzazi asiyetumia fimbo, ni mstari mwingine uliokwisha kuwa methali. Neno la Kiebrania lililofasiriwa *fimbo* hapo ni *shebet*. Neno hilo hilo limo katika Zaburi 23:4, ambako mwenye zaburi anafarijiwa na vyombo vya mchungaji wake. Lakini huko Kiswahili kimelifasiri *gongo*. Ni kweli kwamba kitabu cha Mithali kinazungumzia adhabu, na haifai kujifanya vinginevyo. Hata hivyo, msomaji wa Kiebrania husikia katika neno hilo mlinzi wa kondoo pamoja na mwadhibu, na msomaji wa Kiswahili humsikia mwadhibu peke yake. Katika nchi ambayo Katiba yake, kifungu cha 29, inakataza adhabu ya viboko, upungufu huo si wa kitaaluma tu.

Mjane

Hapa ndipo mstari unapompata mpinzani. Wanaotetea desturi ya *tero*, yaani mjane kuchukuliwa na ndugu wa marehemu, hutaja Kumbukumbu la Torati 25:5–10. Ufanano upo kweli: pande zote mbili mtoto huhesabiwa kuwa wa marehemu. Lakini sheria ile inamhusu aliyekufa bila mwana, na inampa mjane haki ya kumshitaki shemeji yake mbele ya wazee mlangoni pa mji. Mashartí hayo hayatajwi kikaoni. Wapinzani wa tero nao hutaja Wakorintho wa Kwanza 7:39, unaomwachia mjane uhuru wa kuolewa na amtakaye, mradi awe katika Bwana; na tangu ukimwi uenee Nyanza, sauti yao imepata nguvu.

Mistari hii miwili ikiwekwa pamoja, kikao hulazimika kurudi kwenye hoja: mjane mwenyewe anataka nini, watoto watalindwa na nani, na shamba litabaki mikononi mwa nani. Hilo ndilo jambo ambalo mstari mmoja, ukiachwa peke yake, huzuia.

Hitimisho

Wengi wa wahubiri wa Uriri hawana Kiyunani wala Kiebrania, na si haki kuwadai wayajue. Deni ni la wanaosoma lugha. Kiswahili kina haja ya vitabu vya maelezo vitakavyoonyesha mahali ambapo neno moja la asili limegawanywa mawili, na ambapo mawili yamefanywa moja. Mafunzo ya ukalimani nayo yangewafaa wasimamao kando ya wahubiri, maana wao ndio wafasiri wa mwisho kabla ya neno kuingia nyumbani. Hadi hapo, kanuni moja inatosha kuanzia: atajaye mstari katika shauri la nyumba na ausome pamoja na ule uliotangulia na ule unaofuata.