Mpira Mwekundu Kwenye Simu ya Kupangusa

Kitabu kikichakaa hufungwa jalada jipya. Kanda ya taarab hunakiliwa kabla haijakatika. Lakini simu ikifa betri huwekwa kwenye droo, na vyote vilivyokuwa ndani yake huzikwa pamoja nayo bila mtu kuuliza. Ndiyo sababu nimeichukulia kwa uzito, pengine kuliko wanavyopenda baadhi ya rafiki zangu, programu moja ndogo iitwayo J2ME Loader, ambayo hutuwezesha kucheza michezo ya simu za batani kwenye simu za Android za leo. Nataka kuipima kama tunavyopima tafsiri: imevusha nini, na imeacha nini ng'ambo.

Kwanza tuelewane juu ya mzigo wenyewe. Mwaka 1999 kampuni ya Sun Microsystems ilitangaza Java ya vyombo vidogo, na katika miaka iliyofuata Nokia, Samsung na Sony Ericsson wakaitia katika simu zao nyingi. Mchezo ulikuwa faili moja tu. Baadhi ya simu za mwanzo za Series 40 zilikataa faili lolote lililozidi kilobaiti 64, kiasi ambacho leo hakitoshi hata kwa picha moja ya kutakiana Idi njema.

Java hiyo haikuandikwa kwa ajili ya simu fulani. Iliandikwa kwa mashine ya kufikirika, na kila simu ilitakiwa kujifanya kuwa mashine hiyo. Kwa hiyo J2ME Loader haikubuni hila mpya. Inazigeuza amri za faili la zamani ziwe amri ambazo Android inazielewa, kisha inaudanganya mchezo kwamba kioo chake ni cha nukta 240 kwa 320 na batani zote zipo mahali pake. (Wengi huuliza habari za yule nyoka. Nyoka wa Nokia 6110 ya mwaka 1997, kazi ya Taneli Armanto, hakuwa wa Java. Alikuwa kiungo cha simu yenyewe. Wanaopatikana leo kwa jina lake katika maduka ya programu wametengenezwa upya, na baadhi yao ni wazuri.)

Mimi nimeijaribu zaidi kwa Bounce Tales, mchezo wa mwaka 2008 uliotengenezwa na Rovio, walewale waliotoa Angry Birds mwaka uliofuata. Picha imevuka salama. Rangi ni zilezile, na mpira mwekundu unadunda na kubingirika kama ulivyokuwa. Kilichobaki ng'ambo ni kidole gumba. Batani ilikuwa na kingo, na ile ya 5 mara nyingi ilikuwa na kinundu ambacho kidole kilikitafuta chenyewe gizani, jicho likabaki kwenye mpira. Simu ya kupangusa haina kingo. Batani zimechorwa tu juu ya kioo; kidole kinateleza, jicho linashuka kukitafuta, na mpira unatumbukia shimoni. Unashindwa, lakini si pale mtungaji alipokusudia ushindwe. Ugumu wa mchezo ulipimwa kwa mkono fulani, nao mkono huo haumo ndani ya faili.

Sisi tuliosoma tenzi za kale twaijua hali hii. Utendi wa Tambuka uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na wengi wetu tumeusoma kwa herufi za Kirumi. Maneno yapo na mizani ipo, ila kila mahali ambapo herufi moja ilibeba sauti mbili, mtu fulani ameamua kwa niaba yetu kama ni b au p. Mhariri mwema hukuonyesha alipoamua, ukapata nafasi ya kumpinga.

Kwa kipimo hicho J2ME Loader ni mhariri mwema. Inakuachia uchague ukubwa wa kioo, uzisogeze batani, na uweke kikomo cha mwendo, kwa maana iko michezo iliyotegemea uzito wa mashine ya zamani, nayo ikiachiwa kwenye mashine nyepesi hukimbia kama imepagawa. Ushauri wangu ni kuacha picha ibaki ndogo. Ukiikuza ya nukta 128 kwa 128 ijaze kioo kizima utaona matofali matupu. Tena ukiweza, unganisha kibodi halisi, hata ya bei ndogo. Mpira utakutii.

Isichoweza kukifufua ni chochote kilichotegemea seva. WhatsApp ya Nokia S40 ilikomeshwa mwisho wa 2018. Hata ukilipata faili lake zima, hakuna upande wa pili wa kuipokea. Na suala la haki za wenye michezo halijatulia: mafaili mengi yako mikononi mwa wakusanyaji ambao hawakupewa ruhusa na mtu. Siwashangilii, lakini sioni maktaba iliyojitokeza kuwapokea mzigo huo.

Ajabu ni kwamba maskini ndiye aliyedumu. Apple ilipotoa iOS 11 mwaka 2017 iliziacha programu zote za biti 32, na michezo iliyonunuliwa kwa dola miaka ya mwanzo ya iPhone ikaacha kufunguka, isipokuwa ile ambayo wenyewe waliiandika upya. Pixel 7 ya Google ikafuata njia hiyo mwaka 2022. Mpira mwekundu, uliotungwa kwa ajili ya mashine isiyokuwapo, haukuguswa. Kuirudisha ile ya iPhone kunataka kuiga mashine halisi pamoja na mfumo wake, kazi nzito mno. Wanaotengeneza touchHLE wanaifanya, na orodha yao ya michezo inayokubali ingali fupi.