Mafuta Yalikuwa na Siku Yake

Mnavu ukipikwa na asiyeujua huwa mchungu kama shubiri. Ukipikwa na mama mmoja wa Dongobesh, wilayani Mbulu, ambaye nimekaa jikoni kwake mara nyingi kuliko adabu inavyoruhusu, uchungu hubaki kidogo tu, wa kumkumbusha mlaji kwamba anakula majani ya shambani. Huchambua jani moja moja na kuacha mashina. Huosha kabla ya kukata, si baada. Huchemsha mara moja, humwaga maji ya kwanza, hurudisha sufuria kwenye moto mdogo na kutia kitunguu saumu alichokiponda kwa jiwe. Katika nchi inayolima saumu kama Mbulu hana sababu ya kukibania. Mwisho humiminia maziwa. Hapo ndipo ufundi ulipo. Akiyatia moto ukiwa mkali yanakatika. Akiyaacha hadi majani yakauke, hayashiki tena. Huinama, hunusa, huvuta kuni moja nje ya mafiga, kisha ndipo kikombe kinapoinama. Sijamwona akipima kitu. Na tone la mafuta halimo.

Mumewe, mwalimu mstaafu, hukaa kwenye kigoda pembeni akichambua. Yeye humwita mkewe Mama, na mkewe humwita Mwalimu, hata wanapogombana. Miaka michache iliyopita walikwenda kupima presha pamoja, na wote wawili wakaambiwa neno moja: mpunguze uzito. Wakapewa karatasi. Ilisema punguza mafuta, punguza wanga, punguza chumvi, kula mboga kwa wingi. Haikuwa na kosa lolote. Ila karatasi ya namna hiyo husema nini kiliwe. Haisemi nani anajua kukipika.

Kwa hiyo majuma ya kwanza yalikuwa ya adhabu. Kabichi ya kuchemsha, viazi vya kuchemsha, nyama ya kuchemsha. Mwalimu alikuwa akitoka jioni "kunyoosha miguu" na miguu ikimpeleka kwenye kibanda cha chapati. Mama alijua, maana harufu ya chapati haifichiki shatini. Hakumsema. Alikaa akafikiri, akamkumbuka mama yake mzazi, ambaye hakuwahi kunenepa, hakuwahi kunyimwa chakula kitamu, na hakuwahi kupewa karatasi.

Mama huyu amezaliwa Hanang, kwa Wabarbaig, upande wa Katesh, mahali mlima ulipo mlangoni kila asubuhi. Alikuja Mbulu kwa ndoa, na katika vitu alivyokuja navyo kulikuwa na kibuyu cha maziwa. Kilikuwa kimelala juu ya kabati, kimegeuka pambo. Akakishusha.

Nilikuwapo siku alipokisafisha, na ningependa kila binti wa shule angekuwapo. Alikisuuza kwa maji ya moto mpaka maji yakatoka hayana rangi, akakianika. Kisha akachukua kijiti kikavu kutoka kwenye mti anaoujua yeye, akakiwasha, akakiacha kishike kaa, akaingiza ncha yenye kaa ndani ya kibuyu na kukisugulia kuta zake kwa kukizungusha taratibu. Moshi ukatoka mdomoni mwa kibuyu, mwembamba. Akakitikisa makaa yalegee, akamwaga majivu, akafuta. Ndani kilikuwa kimeshakuwa cheusi cha kung'aa, na harufu yake ilikuwa ya moshi mtamu ambao hakuna kiwanda kimewahi kuutia kwenye pakiti. Moshi huo huyapa maziwa ladha na huyafanya yasiharibike haraka. Akamimina maziwa, akaziba, akakining'iniza.

Maziwa yalipoganda, kazi ya pili ikaanza: kusukasuka. Alikiweka kibuyu mapajani, akakipeleka mbele na nyuma kwa mwendo mmoja usiobadilika, akizungumza mambo ya ukoo huku mikono ikiendelea na yake. Kuna wakati sauti ya ndani hubadilika. Maji yaliyokuwa yakipiga kwa wepesi huanza kupiga kwa uzito, kwa sababu siagi imejikusanya. Akafungua, akaitoa siagi kwa vidole, akaiweka kwenye bakuli lake. Itayeyushwa iwe samli. Kilichobaki, mtindi mwepesi wenye ukali mzuri, ndicho alichotumiminia kila mtu kwenye kikombe.

Nilichokiona hapo ndicho ninachotaka kukieleza. Jiko la kale halikuyachukia mafuta. Liliyaheshimu, na kwa kuyaheshimu liliyatenga. Samli ilikuwa na siku yake: ya mzazi aliyejifungua, ya mgeni, ya sherehe. Siku nyingine zote nyumba ilikunywa mtindi ulioondolewa siagi, ikashiba bila kulemewa. Kilichotengwa na mikono ya wanawake wale, sisi tumekirudisha sufuriani na kukizidisha mara kumi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kinabeba takribani kilokalori 120, na mpishi wa siku hizi hatumii kijiko. Anainamisha galoni na kusubiri mpaka moyo wake uridhike. Mboga ya watu wawili inaogelea, na tunasema imeungwa vizuri.

Mwenza wa mafuta ni unga. Zamani Mwalimu alikuwa akipeleka mahindi mashineni yakobolewe ndipo yasagwe, ili ugali uwe mweupe, maana ugali mweupe ni ugali wa watu wenye heshima zao. Kinu cha kukoboa huondoa ganda na kiini, yaani sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, mafuta ya asili na vitamini za punje, na kuacha karibu wanga mtupu. Pumba hupakiwa kwenye gunia lake. Zinakwenda wapi? Kwa nguruwe. Katika vijiji vya Mbulu, ambako nguruwe wanafugwa kwa bidii, mnyama anakula sehemu bora ya hindi na mwenye shamba anakula iliyobaki, kisha mwenye shamba anakwenda kutafuta dawa ya kumsaidia choo. Siku hizi Mwalimu anasimama mwenyewe mashineni na kuhakikisha ni dona. Na Mama anachanganya unga wa mtama, kama ulivyokuwa ukichanganywa kabla mahindi hayajatawala kila kitu. Ugali huo ni wa kahawia, mzito mkononi. Matonge machache yanatosha, kwa kuwa yanakaa tumboni.

Ngano nayo ina kisa chake hapa. Kuanzia miaka ya 1970 tambarare za Hanang, malisho ya Wabarbaig, zililimwa kwa matrekta na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Wafugaji walipoteza nyasi zao bora, kesi zikafika mahakamani, na unga ukaenda kulisha mikate ya miji. Sisemi kwamba mashamba yale ndiyo yaliyotunenepesha. Nasema tu kwamba ardhi iliyokuwa ikitoa maziwa ya kibuyu iligeuzwa ikatoa ngano, na leo mtoto wa Katesh anaanza siku kwa maandazi mawili yaliyozamishwa kwenye mafuta na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, mahali ambapo bibi yake alianza kwa kiazi kitamu na mtindi. Hakuna aliyepiga kura kuamua hivyo.

Hawa wawili walipungua. Sikuwapima; niliuona mkanda wa Mwalimu, ambao alilazimika kuutoboa tundu jipya kwa msumari wa moto. Madaktari husema mtu mnene akipunguza hata asilimia 5 ya uzito wake, presha na sukari huanza kumwonea huruma, na nadhani walivuka hapo. Lakini kupungua kulikuja na maneno. Mwanamume anayekaa jikoni akichambua mnavu, majirani walisema, huyo kalishwa limbwata. Na walipoonekana wote wawili wamekonda, minong'ono ikageuka: wana nini wale? Kwetu kitambi cha mume bado ni cheti cha kwamba mke anamtunza, na bado hatujasahau miaka ambayo kukonda kulikuwa tangazo la msiba. Mmoja angepungua peke yake, angevunjika moyo. Walikuwa wawili, wakala sahani moja, wakacheka pamoja. Mwalimu aliniambia kwamba katika ndoa yao yote hakuwahi kujua mboga inachukua muda gani kuiva. Sasa anajua, na anakula polepole.

Sitaki nisomeke kama mtu anayeisifu njaa. Wazee wetu hawakuwa wembamba kwa hekima tu. Kuna miaka ghala lilikuwa tupu. Na si zamani tu: Haydom, wilayani Mbulu, kwenye hospitali iliyofunguliwa na Walutheri wa Norwei mwaka 1955, utafiti wa kimataifa uliofuatilia watoto kati ya 2009 na 2014 uliwakuta wengi wamedumaa. Katika wilaya hiyo hiyo, chini ya bati moja, unaweza kumkuta mtoto aliyedumaa na bibi mwenye presha ya unene. Na nchi nzima inaelekea huko: utafiti wa kitaifa wa demografia na afya uliwakuta wanawake wenye uzito uliozidi au unene wa kupindukia wakiwa asilimia 18 mwaka 2004-05, mwaka 2015-16 walikuwa asilimia 28. Matatizo hayo mawili ni ndugu. Yote yanakaa kwenye nyumba yenye ugali mweupe mwingi na mboga kidogo, na yote yangemsikiliza mtu anayejua kupika makande yakaiva, mnavu ukalika, maziwa yakagawanywa kila sehemu kwa mwenyewe.

Na tukumbuke, nchi hii yetu ya Mbulu na Hanang ndiyo iliyomzaa John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 goti likiwa limefungwa bendeji. Hanang ikamtoa Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Mbulu ikamtoa Gabriel Geay, aliyekimbia Valencia mwaka 2022 kwa saa 2 na dakika 3. Hawakulelewa kwa chipsi mayai. Sisi wenzao tunapanda bodaboda kutoka sokoni hadi kanisani, tunashuka tukihema, na tunalaumu umri.

Lawama yangu kubwa, hata hivyo, haiendi kwa bodaboda wala kwa galoni la mafuta. Inakwenda kwetu tuliowaambia mabinti, na wavulana zaidi, kwamba jiko ni mahali pa walioshindwa shule. Tumewapeleka bweni wakiwa wadogo, wakazoea ugali wa sembe na maharage ya pipa. Wanarudi likizo hawajui mnavu unachumwa wapi. Wakioana, kamati ya harusi inawanunulia jokofu, jiko la gesi na seti ya sufuria. Hakuna anayefikiri kuwatuma wiki mbili kwa bibi. Baada ya miaka kumi wote wawili wamenenepa, na wanatafuta mitandaoni vidonge vya kukata tumbo na majani ya chai ya kusafisha matumbo, vya bei ya mbuzi mzima. Kibuyu kiko juu ya kabati ya mama mzazi, na mama mzazi bado yu hai.

Ufundi mwingine hufa kwa kukosa wateja. Fundi wa mishale hana wa kumuuzia, na mfinyanzi ameshindwa na plastiki. Ufundi wa jiko hili hauna shida hiyo. Wateja wake wamejaa kwenye mabenchi ya kliniki za presha na sukari, mume na mke, kila mmoja na karatasi yake mkononi. Ulichokosa ni wanafunzi.